"Tutafufua reli ya zamani": maana yake nini hasa?

UZI 🧵 Kampeni zikipamba moto Mombasa, hakosi mtu wa kupanda jukwaani aseme "tutafufua reli ya zamani". Marikiti makofi. Sawa, lakini ibebe nini? Twende polepole.

Reli yenyewe ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. 

Upana wake ni mita 1. SGR ya 2017 ni mita 1.435. Behewa la huku halipiti kule. Kwa hiyo ukisikia "tutaziunganisha", jua kontena litashushwa huku lipakiwe kule, na kazi hiyo ina bei. SGR ilipofika Naivasha 2019 ikakomea hapo, mzigo wa Uganda ukabidi uhamie reli ya zamani.

Na mbele ya hapo ndiko kugumu. Njia inapanda Mau, na ile ya Uganda inapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Mandhari? Mashaallah, misitu na baridi, mtalii atalipa. Lakini mlima na kona vinakula mafuta na muda. Anayekuahidi mizigo ya kasi huko muulize kona atazinyoosha kwa pesa gani.

Sisemi haiwezekani. Treni ya Nanyuki ilirudi 2020, ya Kisumu 2021. Ila kukarabati si kuendesha. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 25. Kufika 2017 mkataba ushavunjwa. Jukwaani utatajiwa mabilioni ya ukarabati. Vipuri na mishahara ya mafundi, kimya.

Sasa letu sisi wa Mombasa. Kilichouma 2019 ni ile amri ya kupeleka makontena bara kwa SGR, yakatolewe ushuru huko. Madereva, makuli, wenye maghala, mama wa chakula wa Changamwe, wote waliisikia mfukoni. Amri iliondolewa 2022. Kwa hivyo swali la ajira ni kontena linafunguliwa wapi. Reli ya zamani nayo ikilipitisha hapa likiwa limefungwa, kuli hapati kitu.

Abiria ni hesabu nyingine. Stesheni ya zamani iko mjini, ya SGR iko Miritini, nje ya kisiwa. Mama anayetoka Marikiti na magunia yake analipa tuktuk au matatu kabla hata hajakata tikiti ya treni. Hilo nalo sijasikia likitajwa jukwaani.