Tani 3 zinapogeuka tani 1: foklifti na mzigo ulioegemea upande

Mfanyabiashara anayekodi foklifti mjini Mtwara kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei ya saa, na mashine inabeba tani ngapi. Akijibiwa "tani tatu" huridhika, kwa kuwa jenereta lake lina uzito wa kilo 1,800 tu. Dakika chache baadaye magurudumu ya nyuma yananyanyuka kutoka ardhini na jenereta liko chini, kreti imepasuka. Dereva analaumiwa, mwenye mashine analaumiwa, na mwenye mali hajui amdai nani.

Swali hili limekuwa la fedha zaidi kuliko zamani. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili. Karanga zikashindwa, bandari ikabaki na korosho. Sasa ina gati jipya la mita 300, na katika msimu wa 2023/24 serikali ilielekeza korosho za mikoa ya kusini zisafirishwe kupitia hapo badala ya kupelekwa Dar es Salaam kwa malori. Pamoja na korosho kuna salfa ya kupulizia mikorosho, saruji, mashine za kubangua, na vifaa vya visima vya gesi vya Mnazi Bay, upande wa Msimbati karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Mizigo ya aina hiyo ya mwisho ndiyo yenye hila, maana uzito wake haukai katikati.

TANI TATU, LAKINI WAPI?

Foklifti ni mzega. Mchuuzi wa maji huweka ufito begani, dumu mbele na dumu nyuma, na bega ndilo linaloamua. Kwa foklifti bega ni ekseli ya mbele. Nyuma yake kuna injini na bonge la chuma la kusawazisha. Mbele yake kuna meno na mzigo. Mchuuzi ambaye dumu la mbele ni zito husogeza ufito nyuma kidogo. Dereva wa foklifti hana ufito wa kusogeza. Anachoweza kusogeza ni mzigo wenyewe.

Kwa hiyo uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine una masharti. Kwa foklifti nyingi za tani 1 hadi karibu 5, namba ile ni kweli iwapo kitovu cha uzito wa mzigo kiko milimita 500 kutoka kwenye uso wima wa meno, yaani pale mzigo unapogusa mgongo wa meno. Kitovu kikisogea mbele, uwezo unashuka. Hesabu ya haraka, ambayo imewekewa tahadhari makusudi, ni kuzidisha uwezo kwa 500 na kugawanya kwa umbali halisi wa kitovu.

Chukua lile jenereta la kilo 1,800. Kreti ina urefu wa mita 2, lakini injini imekaa upande mmoja, hivyo kitovu kiko sentimita 70 kutoka upande mzito. Foklifti ya tani 3 ikiingia kwa upande mzito, umbali ni milimita 700: 3,000 mara 500, gawanya kwa 700, jibu ni kilo 2,142. Mzigo unabebeka. Ikiingia upande mwepesi, umbali ni milimita 1,300, na jibu ni kilo 1,153. Mashine ni ile ile na jenereta ni lile lile, ila aliyeegesha lori amelielekeza vibaya. Kugeuza lori huchukua dakika kumi.

Hesabu hii haichukui nafasi ya kibao, ambacho kwenye mashine nyingi huonyesha uwezo kwa umbali na kwa kimo mbalimbali.

UZITO WA KUSHOTO NA KULIA

Hatari ya pili haionekani kirahisi. Watu wengi hudhani foklifti yenye magurudumu manne husimama kwa nguzo nne. Si hivyo. Ekseli ya nyuma imeshikwa kwa pini moja katikati, hivyo mashine husimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na pini ile. Uzito wote kwa pamoja, wa mashine na wa mzigo, lazima ubaki ndani ya pembetatu. Mzigo ulioegemea kulia ukiinuliwa juu, kisha dereva akakata kona au gurudumu likaingia kwenye mchanga laini, uzito unatoka nje na mashine inalala ubavu.

Na meno nayo yana kikomo chake. Meno yakiwa mita moja kutoka jino hadi jino, na kitovu kikiwa sentimita 20 kulia kwa katikati, jino la kulia linabeba asilimia 70. Kwa mzigo wa kilo 2,500 hizo ni kilo 1,750, wakati kila jino la foklifti ya tani 3 kwa kawaida limepangiwa nusu ya uwezo, yaani 1,500. Dawa yake ni kulenga kitovu cha uzito, si katikati ya sanduku. Kreti nyingi za nje zina alama ya kitovu: duara lenye msalaba. Isipokuwepo, dereva mzoefu huinua sentimita tano tu, anatazama mzigo unakoelemea, anashusha na kusogea. Meno yatanuliwe kadiri paleti inavyoruhusu, yafike walau theluthi mbili ya urefu wa mzigo, na mzigo ufungwe kama unaweza kuteleza. Safari iwe chini, sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, mlingoti umeinamishwa nyuma. Kwenye mteremko mzigo hutangulia kupanda, na kushuka ni kwa kurudi nyuma.

Kuna desturi moja ya maghalani inayostahili kukatazwa bila mjadala: nyuma ikianza kunyanyuka, vibarua wanne wanapandishwa nyuma ya mashine. Hao ni kilo 280 hivi za watu wanaosimama bila mahali pa kushika. Mzigo ukiteleza ghafla, nyuma inaanguka kwa kishindo nao wanarushwa. Dereva naye, mashine ikianza kulala, asiruke. Wengi wanaouawa hubanwa na paa la ulinzi wakijaribu kutoka. Afunge mkanda, ashike usukani kwa nguvu, aelemee upande wa pili wa anguko.

GUNIA NA KONTENA

Korosho zenyewe ni mzigo mpole zikipangwa vizuri. Gunia 25 za kilo 80 ni kilo 2,000. Kwa bei ya mfano ya Sh 3,000 kwa kilo, paleti moja ni Sh 6,000,000. Tatizo huja makuli wanapotoa gunia upande mmoja wa paleti na kuuacha mwingine, kisha dereva akaitwa kuihamisha. Salfa ya mifuko ya kilo 25 ni mbaya zaidi, kwani mfuko ukipasuka unga humwagika na rundo linateleza.

Ndani ya kontena kanuni ni ile ile kwa kipimo kikubwa. Mwongozo wa kimataifa wa upakiaji wa mwaka 2014 unataka isizidi asilimia 60 ya uzito katika nusu moja ya urefu wa kontena. Tangu Julai 1, 2016 uzito uliothibitishwa wa kontena lazima utolewe kabla ya kupakiwa melini, lakini uzito huo ni jumla tu. Hauelezi umekaa wapi.

KWA ANAYETAKA KUNUNUA

Foklifti iliyotumika imekuwa kitega uchumi kwa wenye mtaji wa kati, hukodishwa msimu wa korosho na kwa miradi ya ujenzi. Mnunuzi aangalie kibao kwanza. Kikiwa kimeng'olewa au hakisomeki, uwezo haujulikani, hata muuzaji akiapa. Kifaa cha kusogeza meno kushoto na kulia ni msaada mkubwa kwa mizigo ya upande, lakini nacho kina uzito na husukuma mzigo mbele, hivyo hupunguza uwezo. Kibao kilichowekwa kabla hakijafungwa hakifai tena. Meno yapimwe unene kwenye kona: yakilika asilimia 10, uwezo wake umeshuka kwa karibu asilimia 20 na hubadilishwa. Vyombo vya kunyanyulia mizigo kazini hukaguliwa na OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mkodishaji mwenye cheti cha ukaguzi mkononi, pamoja na dereva aliyefunzwa, ana hoja nzuri ya kudai bei ya juu kidogo ya jirani yake. Mkataba wa kukodi nao utaje nani anatoa taarifa ya uzito na kitovu cha mzigo, kwa maandishi, kabla meno hayajaingia chini ya kreti.