Koti Lisiingie Kwenye Begi

Meza yangu ya makoti iko Karume, soko ambalo kwenye karatasi za serikali huitwa Mchikichini. Nyumbani ni Magomeni Mapipa. Soko letu liliungua Januari 2022 na makoti yangu yote yakateketea, lakini nilirudi kwenye biashara ileile, kwa sababu wanunuzi wake hawaishi. Dar es Salaam ni jiji la joto. Julai, alfajiri ikifika nyuzi 19, majirani zangu wanajifunika kanga mbili na kulalamika. Ndiyo maana belo la makoti likifunguliwa, wenzangu wanaouza blauzi na magauni hawaligusi, nami nalipata kwa bei inayonifaa. Wanaokuja mezani kwangu ni vijana wanaokwenda kusoma China, Urusi na Uturuki, mabinti wanaoolewa Ulaya, wazee wanaokwenda kuona wajukuu Sweden na Canada, na watu wa hapahapa nchini wanaopanda basi la Njombe, Makete au Mbeya.

Mteja akifika hataki maneno mengi. Anataka koti refu, lenye kofia, bei nzuri. Mimi namchelewesha kidogo.

"Shikamoo mama. Nataka koti la kwenda China."

"Marahaba mwanangu. China ya wapi?"

"Wuhan."

"Ndege unabadilishia wapi?"

"Addis, halafu Guangzhou."

"Basi koti hili utalivaa au utalishika mkononi. Kwenye begi kubwa lisiingie."

Wengi hapo hunitazama kama nimesema jambo la ajabu. Atavaaje koti la sufu Magomeni, kwenye bajaji, foleni ya Barabara ya Nyerere, jasho likimtoka mpaka Terminal 3 ya uwanja wa ndege? Nami nasisitiza, maana nimeshawasikiliza wengi waliotua usiku kwenye baridi ya kuuma mifupa, begi halikutokea, nao wamevaa fulana na kandambili. Kijana mmoja wa Magomeni Makuti alinisimulia alivyosimama kituo cha basi ugenini akiwa amejizungushia taulo shingoni, koti lake zuri nililomchagulia mwenyewe likiwa nchi nyingine kabisa. Tangu nimsikie, hilo ndilo jambo langu kwa kila mteja: kinachokupa joto kisafiri mwilini mwako. Kwa kawaida koti lililovaliwa halipimwi pamoja na mzigo, kwa hiyo hata kilo zako zinapona.

Kupotea kwa mabegi si mikosi wala si kurogwa. Kampuni ya SITA, ambayo mitambo yake hufuatilia mizigo ya mashirika ya ndege duniani, ilihesabu kwamba mwaka 2024 mabegi 6.3 kwa kila abiria 1,000 yalichelewa, yaliharibika au yalipotea. Mwaka 2007 yalikuwa karibu 19, kwa hiyo hali imekuwa nzuri sana. Sehemu kubwa ya mabegi hayo, karibu robo tatu, huwa yamechelewa tu na hufika baadaye. Lakini sababu kubwa kuliko zote ni pale abiria anapobadilisha ndege, na sisi tunaotoka Dar kwenda mbali karibu wote tunabadilisha: Addis Ababa, Nairobi, Doha, Dubai, Istanbul. Ndege ya kwanza ikichelewa, wewe mwenye miguu utakimbia kutoka lango hadi lango. Begi lako linasubiri kupakuliwa, kupelekwa kwenye mitambo, kusomwa lebo, kupangwa upya na kupakiwa. Muda ukiwa mfupi, wewe utaondoka, lenyewe litabaki.

Binti yangu alisomea mambo ya usafirishaji pale chuo cha NIT, Mabibo, na mengi ninayowaambia wateja nimeyapata kwake. Alinifundisha kuisoma lebo wanayoibandika kwenye begi pale kaunta. Ina namba ya tarakimu kumi, na ina herufi tatu kubwa za uwanja ambao begi linakwenda. DAR ni sisi, ZNZ ni Zanzibar, JRO ni Kilimanjaro, LHR ni Heathrow ya London. Kabla begi halijaondoka kwenye mkanda, tazama herufi hizo. Kama unakwenda London na lebo inaishia ADD, begi lako litashuka Addis Ababa. Uliza hapohapo kabla hujasogea. Kipande kidogo cha lebo unachopewa wewe kitunze pamoja na pasipoti, maana ndicho ushahidi kwamba walipokea mzigo wako. Na lebo za safari iliyopita zibandue zote. Mashine husoma mistari myeusi, na ikikutana na mistari ya safari ya zamani inaweza kulipeleka begi usikokwenda.

Mabegi ya Kariakoo yanafanana. Meusi, ya kuvuta, yenye zipu ileile. Mwenzako aliyechoka atabeba lako akidhani ni lake. Mimi humfungia mteja kipande cha kitenge kwenye mshikio, bure, rangi ya kupiga kelele. Ndani ya begi, juu ya nguo, aweke karatasi yenye jina, simu na anwani ya anakokwenda, kwa sababu lebo ya nje ikichanika karatasi hiyo ndiyo itakayosema begi ni la nani. Kisha apige picha mbili, moja begi likiwa wazi, moja likiwa limefungwa. Vyeti halisi, dawa, fedha na betri za akiba za simu vyote vikae kwenye mzigo wa mkononi. Betri za akiba hata haziruhusiwi kwenye begi la kupakia, kwa hofu ya moto.

Likikosekana, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo. Hapa ndipo watu wetu wanapopotea, kwa aibu au kwa uchovu: ndugu anasubiri nje, tunasema kesho tutapiga simu. Nenda kwenye dawati la mizigo, uandikishe taarifa, upewe namba yenye herufi tano na tarakimu tano. Kwa namba hiyo begi linatafutwa dunia nzima. Waachie namba ya simu ya mwenyeji wako, kwa sababu laini yako ya Dar huenda isipatikane kule.

Kuna mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Montreal mwaka 1999, na Tanzania imo ndani yake. Begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Zikipita siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika na halijaonekana, una haki ya kudai kama limepotea. Kwenda mahakamani mwisho wake ni miaka 2. Kikomo cha fidia kwa abiria mmoja kilipandishwa tarehe 28 Desemba 2024 kutoka 1,288 hadi 1,519 kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kiitwacho SDR, ambacho ni kama dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo. Unalipwa hasara unayoweza kuionyesha, kwa hiyo risiti ya soksi, sweta na mswaki ulionunua wakati unasubiri usiitupe. Mtu aliyebeba kitu cha thamani kubwa kuliko hapo anaweza kukitaja pale kaunta na kulipia nyongeza, ingawa mimi ningemwambia akibebe mkononi.

Yule kijana wa Wuhan nilimpa pia sweta zito la kuvaa ndani ya nyumba. Akacheka. "Mama, wenzetu si wana hita?"

Nikamweleza jambo ambalo wateja wangu wa China walirudi nalo. Miaka ya 1950 serikali ya China iligawa nchi kwa mstari unaofuata milima ya Qinling na mto Huai. Kaskazini ya mstari, miji hupashwa joto kwa maji moto au mvuke unaopita kwenye mabomba hadi majumbani; Beijing joto hilo huwashwa kwa kawaida katikati ya Novemba na kuzimwa katikati ya Machi. Kusini ya mstari mfumo huo kwa sehemu kubwa haukujengwa. Wuhan iko kusini. Nje inakaribia sifuri, na ndani ya chumba unategemea kiyoyozi au hita ndogo ya umeme. Harbin, ambako nje hushuka hadi zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mwanafunzi anakaa chumbani na fulana. Kwa hiyo wa Harbin namuuzia koti la nje lenye nguvu, buti na glovu. Wa Wuhan namuuzia nguo za kulalia na za kusomea. Mtu anayeangalia tu hali ya hewa kwenye simu hawezi kulijua hili.

Anayekwenda Uingereza namwambia aulize kuhusu bili kabla hajakubali chumba. Nyumba nyingi kule zina mtambo wa gesi unaochemsha maji na kuyasukuma kwenye redieta, yale mabati mazito yanayokaa chini ya dirisha. Nyumba nyingine zina mita ya kulipia kabla, ya umeme na ya gesi, kama LUKU yetu: salio likiisha, chumba kinapoa. Kwenye redieta kuna kitufe chenye namba 1 hadi 5. Vijana wetu wakihisi baridi wanakizungusha hadi 5 wakidhani chumba kitapata joto haraka. Hakiongezi kasi. Kinaweka tu kiwango ambacho joto litakomea, na namba 3 kwa kawaida ni kama nyuzi 20. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ndani ya nyumba pasishuke chini ya nyuzi 18 wakati wa baridi, yaani karibu na ile alfajiri ya Julai inayotufanya tujifunike kanga mbili hapa Magomeni. Usisukume kitanda kikaziba redieta. Na dirisha lifunguliwe dakika chache kila siku hata kama kuna theluji, la sivyo mvuke wa kupika na kufua utageuka ukungu mweusi ukutani.

Sweden ni rahisi zaidi. Mijini nyumba nyingi hupata maji moto kutoka mtambo wa pamoja, na mara nyingi gharama imo ndani ya kodi ya nyumba. Wazee ninaowauzia makoti ya huko hurudi wakisifu joto la nyumba kuliko kitu kingine chochote.

Wateja wa Makete hawana mambo ya redieta, na ndio wanaonipa wasiwasi kuliko wa Ulaya. Juni na Julai kule Makete na Kitulo asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Mtu aliyezaliwa Magomeni akifika kwa wakwe anapewa chumba, madirisha yamezibwa kwa magunia, na jiko la mkaa linaingizwa ndani ili mgeni asipate baridi. Kwa upendo kabisa.

Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua vizuri na mwili wake unakosa hewa. Kinachowadanganya wengi ni moshi. Wanasema jiko limeshakolea, halitoi moshi, sasa ni salama kuliingiza. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa hewa hiyo, hata ukifunikwa majivu. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na anayezipata akiwa amelala hazijui. Si sisi peke yetu. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwa baridi kali, hospitali za Houston zilipokea watu wengi waliojipasha joto kwa majiko ya mkaa na jenereta ndani ya nyumba. England tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba analazimika kuweka king'ora cha hewa hii kwenye chumba chenye mtambo unaochoma gesi, kuni au mkaa, isipokuwa jiko la gesi la kupikia.

Sisi king'ora hatuna, kwa hiyo jiko libaki nje. Ukiamka kichwa kinagonga na wenzako hawaamki, fungua mlango, watoe nje kwenye hewa, kisha hospitali mara moja hata kama wamezinduka, kwa sababu wanahitaji oksijeni ya mtungi.

Juzi alikuja mama mmoja wa Mzimuni anayekwenda Makete kumlea binti yake aliyejifungua. Alitaka koti moja. Nilimuuliza chumba cha mzazi kinapashwa joto na nini, akasema jiko, si ndiyo desturi. Nikamuwekea koti, sweta mbili, soksi nzito za mtoto na mablanketi mawili ya sufu.

"Dada, sina hela ya vyote hivi."

"Chukua. Utanilipa ukirudi. Lakini jiko lilale nje ya mlango, na wewe ndiye utakayewaambia wakwe."

Vitu vya mtoto alivitia kwenye mfuko wa kukaa nao kwenye kiti. Begi kubwa ndilo litakaloingia kwenye buti la basi pale Stendi ya Magufuli, likiwa na jina lake na namba ya simu vimeandikwa nje na ndani, na risiti ya mzigo atamdai kondakta kabla gari halijaondoka.