Mkonga wa Gari: Kabla Hujatoboa Fenda

Huku kwetu Ngara na Biharamulo ukimwambia mtu "Land Cruiser mkonga", hakuulizi mara mbili. Anajua unasema lile gari lenye bomba jeusi linalotokea ubavuni mwa boneti na kupanda kandokando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Wengi wanadhani ni pambo, wengine wanadhani ni bomba la moshi. Ukweli ni kwamba mkonga ni pua ya injini: hewa inaingilia pale juu badala ya chini kwenye fenda.

Naandika haya kwa sababu mwaka juzi, mwezi wa Aprili, baba mdogo alikuwa anatoka Rulenge kwenda Nyakahura na maharage ya watu. Gari lilikuwa halina mkonga. Akakuta kijito kimejaa, akaingia. Katikati injini ikazima, naye akafanya kosa ambalo wengi wangelifanya: akapiga stata tena. Injini ikanoki. Fedha iliyokwenda kwa fundi ndiyo iliyokuwa ada yangu, na muhula ule nilisajiliwa nimechelewa wiki tatu.

Kwa nini maji kidogo tu yaue injini kubwa hivyo? Fizikia ya sekondari inatosha hapa. Injini ya dizeli hubana hewa mpaka ibaki takriban sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya mwanzo. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni ikipanda ikakuta maji juu yake, kitu lazima kipinde, na mara nyingi kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki. Kwa hiyo injini ikizima ndani ya maji, usipige stata. Livuteni gari nje, nozeli zifunguliwe, kisha injini izungushwe taratibu iteme maji.

Likizo iliyofuata tukaamua kufunga mkonga wenyewe, mimi na baba mdogo. Si kazi ya ajabu, ila inataka siku nzima na mikono isiyo na haraka.

Kwanza, nunua mkonga uliotengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa, na upande wake. Mpya huja na karatasi ya kiolezo. Fungua gurudumu la upande huo na ile plastiki ya ndani ya fenda, uchungulie kwa nyuma: kuna waya, pengine na antena. Ukitoboa bila kuchungulia utakata waya.

Pili, bandika seloteipu ya karatasi kwenye fenda, weka kiolezo, pima mara tatu. Anza na biti ndogo, kisha panua tundu kuu kwa msumeno wa duara. Lainisha kingo kwa tupa na upake rangi chuma kilichobaki wazi. Ukiruka hatua hii, masika mbili tu fenda imeliwa na kutu.

Tatu, jaribisha mkonga bila kukaza. Ukikaa sawa, funga boliti za fenda, kisha kishikizo cha juu kwenye nguzo ya kioo.

Nne, na hapa ndipo penye kazi yenyewe: unganisha mkonga na eya klina kwa paipu ya mpira, uzungushie silikoni, ukaze klipu pande zote mbili. Angalia pia mfuniko wa eya klina na kile kitundu cha chini cha kutolea vumbi na maji. Kila mahali panapoweza kupitisha hewa, maji nayo yatapita.

Silikoni ikishakauka, fanya jaribio. Washa injini iwe silensa, halafu ziba mdomo wa mkonga kwa ubao bapa, si kwa kiganja. Injini inatakiwa ihangaike na kuzima. Yetu iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea! Maana yake ilikuwa inavuta hewa kwingine. Tukafungua tena: klipu moja ilikuwa imekaa upande, na kile kitundu cha chini tulikuwa tumekisahau. Tulipoziba, injini ikazima ndani ya sekunde chache. Bila jaribio hilo tungeingia mtoni na bomba zuri la mapambo.

Wakati wa kiangazi mkonga una faida nyingine. Kuanzia Juni mpaka Agosti vumbi letu jekundu huwa zito chini kuliko juu ya paa, kwa hiyo chujio linachelewa kuziba.

Lakini mkonga unalinda pua tu. Difu na gia boksi navyo vina matundu ya kupumulia. Difu ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kufyonza maji. Ndiyo maana paipu za kupumulia nazo hupandishwa juu, hadi kwenye boneti.

Na kuna jambo ambalo hakuna mkonga unaoliweza. Chukua gari lenye sakafu ya mita 4 kwa 1.5, yaani mita 6 za mraba. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya usawa wa sakafu kabla hayajaingia ndani, yanalisukuma gari juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 600. Yakipanda 20, ni kilo 1,200. Matairi yanapoteza mshiko, na mkondo unalichukua gari pamoja na mkonga wake. Archimedes tulimsoma wote, ila tukishika usukani tunamsahau.

Nasema hivi nikiwafikiria wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha vijijini wakati wa mvua. Mtapanda magari ya mkonga, na dereva atawaambia, "Hili linapita popote." Mto ambao mtu mzima hawezi kuuvuka kwa miguu kwa sababu ya kasi ya maji, gari nalo lisiingie. Kama hamwoni barabara chini ya maji, ombeni kushuka. Hakuna kipindi cha asubuhi chenye thamani ya roho yako.

Desemba iliyopita nilikuwa na baba mdogo kwenye kijito kilekile. Maji yalikuwa yanakimbia, ya rangi ya chai ya maziwa. Mkonga ulikuwepo, umezibwa vizuri. Alizima gari, akanunua mahindi ya kuchoma, tukakaa saa tatu. Abiria wawili walimsema sana. Maji yalipopungua hadi chini ya goti, akaweka gia nzito, tukapita polepole bila kubadilisha gia.

Maharage yalifika jioni. Ada ya muhula huu nimelipa kwa wakati.