Chakula cha Kuku: Tuchanganye Wenyewe au Tununue?

Ukifuga kuku wa kisasa wa mayai, chakula ndicho kinachomaliza fedha nyingi kuliko kitu kingine. Kwa hiyo wafugaji wengi wanauliza: Je, tuchanganye chakula wenyewe, au tununue mifuko ya kiwandani? Mmoja atakuambia, "Changanya, ni rahisi." Mwingine atakuambia, "Nunua, usijisumbue." Usifuate maneno ya watu. Umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Chukua kalamu na daftari, tupige hesabu.

Wanakula kiasi gani?

Kuku mmoja anayetaga hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 100 watakula kilo 12 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 360.

Hesabu ya kuchanganya

Kuku anahitaji chakula cha kutia nguvu, yaani mahindi na pumba. Anahitaji chakula cha kujenga mwili na yai, yaani mashudu na dagaa. Anahitaji pia chokaa ili ganda la yai liwe gumu. Primiksi ni unga wenye vitamini na madini. Huu ni mfano wa kilo 100. Bei ni za mfano tu. Wewe andika bei za sokoni kwako.

Mahindi yaliyoparazwa, kilo 45 kwa sh. 700: sh. 31,500
Pumba za mahindi, kilo 16 kwa sh. 400: sh. 6,400
Mashudu ya alizeti, kilo 20 kwa sh. 600: sh. 12,000
Dagaa, kilo 10 kwa sh. 3,000: sh. 30,000
Chokaa ya mifugo, kilo 8 kwa sh. 150: sh. 1,200
Chumvi nusu kilo na primiksi nusu kilo: sh. 3,400
Kusaga na kusafirisha: sh. 7,500
Jumla: sh. 92,000

Sasa tuseme mfuko wa kilo 50 wa kiwandani, pamoja na nauli, ni sh. 50,000. Mifuko miwili ni sh. 100,000. Ukichanganya mwenyewe unaokoa sh. 8,000 kwa kila kilo 100. Mwenye kuku 100 ataokoa sh. 28,800 kwa mwezi. Mwenye kuku 20 ataokoa sh. 5,760 tu. Huyu huenda asione faida ya kuhangaika.

Lakini angalia. Mahindi yakipanda kutoka sh. 700 hadi sh. 900, na bei ya mfuko isipobadilika, mchanganyiko wako utafika sh. 101,000. Hapo kununua ni nafuu. Kwa hiyo rudia hesabu kila bei inapobadilika. Na usiseme, "Mahindi ni ya shambani kwangu, ni ya bure." Ungeweza kuyauza. Yaandike kwa bei ya soko.

Hasara isiyoonekana

Chakula kibaya hupunguza mayai. Tuseme kuku wako walitaga mayai 70 kwa siku, sasa wanataga 60. Umepoteza mayai 300 kwa mwezi, yaani trei 10. Trei moja ikiuzwa sh. 8,000, umepoteza sh. 80,000. Uliokoa sh. 28,800, ukapoteza sh. 80,000. Rahisi imekuwa ghali!

Ukiamua kuchanganya, shika haya:

1. Pima kwa mizani, si kwa kukadiria kwa debe.
2. Usitumie mahindi yenye ukungu. Huweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga wengi sana walikufa kwa chakula chenye sumu hiyo. Watu pia hudhurika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.
3. Chunguza dagaa. Waliochanganyika na mchanga huongeza uzito, hawaongezi chakula.
4. Tumia chokaa ya mifugo, si ile ya kupaka ukuta.
5. Changanya kwanza chumvi na primiksi na unga kidogo wa mahindi. Kisha mwaga vyote kwenye turubai safi, ugeuze kwa koleo mpaka rangi iwe moja.
6. Weka mifuko juu ya mbao, mahali pakavu. Changanya cha kutosha wiki mbili au tatu tu.

Vifaranga wadogo wanunulie chakula chao. Wanahitaji chakula bora zaidi cha kujenga mwili, na chokaa nyingi ya kuku wanaotaga huwadhuru.

Wenye kuku wachache wanaweza kuungana, wakanunua mahindi kwa pamoja wakati wa mavuno na kusafirisha kwa gari moja. Kabla ya kuanza, mwonyesheni Bwana Mifugo au Bibi Mifugo mchanganyiko wenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kuku 50 watakula kilo ngapi kwa siku 30?
2. Piga hesabu ya kilo 100 kwa bei za soko lenu. Kipi ni nafuu mwezi huu?
3. Kijijini kwenu mahindi hupanda bei miezi gani? Mtafanya nini?