Mhadhara wa Wazi na Sinema ya Jioni: Mafunzo ya Mlimani kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika vyuo vyetu vya ualimu neno "mhadhara" limezoeleka kwa maana moja: mkufunzi amesimama mbele, wanachuo wameinamia madaftari, na mtihani unawangoja mwishoni mwa muhula. Makala haya yanahusu mhadhara wa namna nyingine, ule ambao vyuo vikuu huwafungulia watu wote milango pasipo kuwadai cheti wala ada. Pamoja nao tutautazama utaratibu ulio ndugu yake wa karibu, yaani sinema ionyeshwayo jioni na kufuatiwa na mazungumzo. Mada za mikutano hiyo huwa ni historia, fasihi, falsafa, lugha na sanaa. Kwa mwalimu anayejiandaa kufundisha darasa la tatu huko Kibondo au Masasi, jambo hili laweza kuonekana liko mbali naye. Lakini ndani yake limo swali ambalo atakutana nalo siku ya kwanza ya kazi: ni nani mwenye haki ya kuuliza, na aulize kwa lugha gani?

Tofauti kati ya mhadhara wa wazi na somo la darasani si ukubwa wa ukumbi. Katika mhadhara wa wazi hakuna anayeitwa jina. Msikilizaji aliyechoka huinuka akaenda zake, wala hapana wa kumwadhibu. Mhadhiri hana alama za kutoa wala za kunyima. Amebakiwa na hoja zake tu. Kwa hiyo yampasa kuwashawishi watu wabaki, na kisha, jambo ambalo ni gumu zaidi, awaachie nafasi ya kumpinga.

Utaratibu huu haukuletwa kwetu kwa meli. Katika miji ya pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, watu wamezoea tangu zamani darsa za msikitini, ambapo mwanazuoni husoma, hufasiri kwa Kiswahili, na wasikilizaji humwuliza. Nje ya nyumba kuna baraza, na barazani mzungumzaji asiyekubali kukatizwa hapendwi. Huko bara nako kuna mikutano ya wazee chini ya mti, yenye taratibu zake za nani atangulie kusema na nani afuate. Mwalimu anayeufahamu urithi huu hatauona mjadala kuwa ni mtindo wa kigeni wa kufundishia.

Yaliyotendeka Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima kilicho umbali wa kilometa zipatazo 13 kutoka katikati ya jiji, na tangu hapo watu wamekiita Mlimani. Jina hilo lina utani ndani yake: waliosoma wako juu, sisi wengine tuko chini. Mwalimu Nyerere aliiona hatari hiyo mapema, na katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, alilalamikia elimu inayomtenga msomi na jamii iliyomlea.

Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo Mlimani palipopata sifa ya kuwa mahali pa mijadala. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo mwaka 1966 na 1967, akarudi tena mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja. Wanafunzi nao hawakungoja kuletewa wahadhiri. Mwaka 1967 waliunda chama chao cha wanamapinduzi wa Afrika, ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda. Chama hicho kiliendesha madarasa ya Jumapili asubuhi, yasiyokuwa na mtihani wala shahada, ambayo watu walihudhuria kwa kuwa walitaka kujua. Ni vyema kukumbuka pia kwamba mwaka 1970 Serikali ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na gazeti lake la Cheche. Mjadala wa kweli humgusa mtu fulani mahali fulani, na mwalimu anayedhani kwamba maswali yatakuwa matamu daima hajayajua maswali.

Mwaka 2008 Chuo kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Kuanzia mwaka 2009 Kigoda kiliandaa tamasha la kila mwaka la mihadhara na mijadala. Katika miaka mitano ya mwanzo walihutubia Wole Soyinka, Samir Amin, Bereket Habte Selassie, Micere Githae Mugo na Thandika Mkandawire. Majina hayo si madogo, na mtu yeyote wa Dar es Salaam angeweza kwenda kuwasikiliza.

Hapa ndipo penye tatizo tunalotaka kulizungumza. Lugha ya kufundishia Mlimani, ukiondoa masomo ya Kiswahili chenyewe, ni Kiingereza. Lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, tangu 1967, ni Kiswahili. Mlango wa ukumbi uko wazi kwa kila mtu, lakini lugha ya mhadhara ni mlango wa pili, na huo haufunguki kwa kusukumwa. Mpishi wa bwalo, dereva wa basi na mwalimu wa shule ya jirani wataketi nyuma, watapiga makofi wenzao wapigapo, kisha wataondoka na maswali yao vifuani. Yupo mtu aliyeliona jambo hili vizuri kuliko wengi wetu, naye ni huyo huyo Soyinka, ambaye tangu miaka ya 1970 alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya Afrika nzima. Lakini ilipofika zamu yake kuhutubia katika mji wenye Kiswahili hicho, alihutubia kwa Kiingereza. Hatumlaumu, kwani yeye si msemaji wa lugha yetu. Lawama, kama ipo, yawaelekea waandaaji wowote wasiofikiria kuweka mkalimani.

Sinema: lugha bila swali

Historia ya sinema ya kuelimisha katika nchi yetu ina upungufu ulio kinyume cha huo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa majaribio wa sinema ya elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu 35, fupi fupi, juu ya mambo kama safura, ufugaji na ukulima bora, na gari lenye mashine za kuonyeshea lilizunguka Tanganyika na nchi za jirani. Maelezo ya filamu hizo yalitolewa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kiafrika. Kwa upande wa lugha, basi, wakoloni wale waliwatangulia wasomi wengi waliokuja baadaye!

Hata hivyo, filamu zile zilikuwa amri iliyovaa nguo za burudani. Mtazamaji alionyeshwa mtu mjinga na mtu mwerevu, na alitakiwa amwige mwerevu. Hakuulizwa kwa nini mkulima wa kweli, mwenye shamba la kweli na kodi ya kweli ya kulipa, hakufanya kama yule wa kwenye kitambaa.

Kwa hiyo twaweza kusema hivi: Vugiri palikuwa na lugha pasipo swali, Mlimani pana swali, lakini mara nyingi pasipo lugha. Mwalimu wa shule ya msingi anavyo vyote viwili mkononi mwake, endapo atapenda kuvitumia.

Kwamba viwili hivyo vyaweza kukutana, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ni ushahidi. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma sura ya kitabu kwa Kiswahili chepesi, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kabla ya kazi kuanza, nao walifunzwa kuongoza mazungumzo, si kuhutubia. Waweza kusema kwamba mada zilipangwa juu, na utakuwa umesema kweli. Lakini mpango wake wa kusikia, kusema na kutenda ndio tunaouhitaji katika jioni za sinema.

Mfano wa jioni moja

Tuchukue filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal iitwayo Borom Sarret, ya mwaka 1963. Sembène alikuwa tayari mwandishi wa riwaya alipoigeukia sinema, na sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: watu aliowaandikia wengi wao hawakujua kusoma Kifaransa. Filamu yenyewe ina urefu wa dakika zipatazo 20, jambo linaloifaa sana jioni ya chuo cha ualimu, ambapo umeme haukawii kukatika. Yamhusu mwenye gari la kukokotwa na farasi katika mji wa Dakar. Anabeba abiria wasiolipa. Msanii wa masimulizi anawasifu mababu zake, naye anampa pesa alizozichuma. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto, lakini makaburini baba huyo anakataliwa kwa kuwa karatasi zake si kamili. Mwishowe anamchukua bwana aliyevaa vizuri hadi mtaa ambao mikokoteni hairuhusiwi. Polisi analitwaa gari, na nishani yake ya askari inakanyagwa. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamkabidhi mtoto, anamwahidi kwamba usiku huo watakula, anatoka. Filamu inakwisha hapo.

Maneno ya filamu ni ya Kifaransa. Hilo lisikutishe. Katika mabanda ya video ya mijini na vijijini, watu wetu wamekwisha kuzoea kumsikiliza mtafsiri aketiye kando ya televisheni na kuyageuza maneno ya wageni kuwa Kiswahili, tena chenye vichekesho vyake mwenyewe. Wasomi wengine huwadharau watafsiri hao. Mimi nawaona kuwa ni walimu wa lugha wasiolipwa mshahara na Serikali. Mwanachuo mmoja na apewe filamu siku tatu kabla, aitazame mara mbili, aandike tafsiri yake, aisome watu wakitazama. Atakuwa amefanya zoezi la lugha lisilosahaulika.

Taa zikiwaka, mwenyekiti asiulize, "Filamu hii inatufundisha nini?" Swali hilo huua mazungumzo, kwani kila mtu hujua jibu linalotakiwa na hulitoa ili aende kulala. Na aulize kwanza yale yaliyoonekana: Nani alilipa, nani hakulipa? Karatasi zilidaiwa wapi? Watu wakishakubaliana juu ya walichokiona, au wakishabishana, ndipo mwenyekiti ahamie kwenye sababu: Kwa nini alimpa msanii pesa za chakula? Mume alimkosea mkewe? Wapo watakaosema alifanya upumbavu, wapo watakaosema sifa za mababu ndizo pekee alizobaki nazo. Mwenyekiti asiwasuluhishe. Na mama yule amekwenda wapi? Sembène hakutuambia, na mwalimu asijaribu kumsahihisha Sembène. Kwa wanafunzi wa shule ya msingi swali hilo la mwisho lifaa kuachwa. Linawafaa watu wazima. Watoto watosheke na gari, farasi, msanii na polisi, ambayo ni mengi.

Kuna mambo ya kazi ambayo mwenyekiti hana budi kuyaangalia. Maswali ya kwanza yatoke viti vya nyuma, la sivyo wa mbele watamaliza saa nzima. Pakiwa na mgeni mkubwa, yeye na aseme baadaye kabisa, kwani akitangulia hakuna atakayetofautiana naye. Kila anayesimama akisema "nina swali dogo" na aangaliwe kwa makini, maana hapo ndipo hotuba ndefu huanzia. Kimya cha nusu dakika kisimtie hofu mwenyekiti. Watu wanaopima maneno yao hunyamaza. Na mtu akichanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani kwake ili aeleze jambo zito, asikatizwe. Jirani yake atamfasiria.

Shuleni, mwalimu asiye na projekta wala umeme bado anaweza kuendesha mhadhara wa wazi. Mwalike fundi wa mitumbwi, au bibi aliyekuwa muuguzi kabla ya zahanati kujengwa, aje Ijumaa mchana azungumze dakika 15 tu. Waalike na wazazi, waketi madawati yale yale ya watoto wao. Siku moja kabla, kila mwanafunzi wa darasa la tano na la sita aandike swali moja kwenye kipande cha karatasi. Mwalimu ayasome yote, asiyachuje yale yanayomwudhi, bali ayapange tu yasirudiwe. Mgeni akimaliza, watoto waulize wenyewe kwa sauti zao. Maswali yatakayokosa muda yabandikwe ukutani pamoja na jina la aliyeuliza, na wiki inayofuata darasa likayatafutie majibu kwa watu wa kijijini.