Kitengo Maalum: Yanayofanyika Darasani na Kwa Nini Mtoto Asicheleweshwe

Swali ninaloulizwa sana, iwe barazani baada ya Isha au tukingojea feri Likoni, ni hili: "Mwalimu, wale watoto wenu huwafunza nini hasa?" Anayeuliza huwa hana nia mbaya. Ameona watoto wachache katika darasa la pembeni, akadhani kazi yetu ni kuwatazama tu mpaka saa ya kwenda nyumbani. Nimeonelea nieleze leo, kwa sababu dhana hiyo ni mojawapo ya mambo yanayowaweka watoto wa mitaa yetu nyuma ya mapazia.

Nafunza kitengo maalum katika shule moja ya msingi ya umma mjini Mombasa. Kitengo ni darasa lililo ndani ya shule ya kawaida. Si shule ya peke yake kama ile ya wasioona ya Likoni au ya viziwi ya Ziwani. Watoto wangu wana ulemavu wa akili, wengine usonji, na wachache mtindio wa ubongo. Wako wanaosema na wasiosema. Wakati wa mapumziko hutoka kucheza na wenzao wa madarasa mengine, na hilo pia ni somo, kwa pande zote mbili.

Kazi yaanza kabla ya mtoto kuingia darasani. Hupelekwa kwanza kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, kile kinachojulikana kwa herufi EARC. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984. Hapo huangaliwa macho, masikio, usemi, viungo na uwezo wa kuelewa, kisha mzazi hushauriwa ni wapi patamfaa mwanawe. Si mtihani wa kupita au kuanguka. Nimewahi kuona mtoto aliyeitwa mzito wa kichwa kwa miaka mitatu, kumbe tatizo ni masikio tu.

Baada ya hapo twakaa na mzazi kuandika mpango wa mtoto huyo peke yake. Mpango wasema mambo matatu: anaweza nini leo, twataka aweze nini mwisho wa muhula, na nani atafanya nini, shuleni na nyumbani. Katika mtaala wa umilisi, mtoto asiyeweza kufuata masomo ya gredi hupita njia ya hatua. Husonga mbele anapoweza jambo, si kwa sababu mwaka umekwisha.

Chukua mfano wa kunawa mikono. Kwako wewe ni kitendo kimoja. Kwetu ni hatua nane: kufungua bomba, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua kati ya vidole, kusuuza, kufunga bomba, kujipangusa. Mara nyingi naanza kufunza kutoka mwisho. Hatua saba namshika mkono tukafanya pamoja, ile ya nane namwachia yeye, ili aionje furaha ya kumaliza kazi. Akiiweza, namwachia mbili za mwisho, kisha tatu. Mmoja atachukua wiki mbili, mwingine muhula mzima. Lakini aliyeziweza hatua hizi, udhu hauko mbali naye. Mama mmoja alinipigia simu katika Ramadhani kuniambia mwanawe ametawadha bila kusaidiwa. Hakuwa na jingine la kusema, na mimi sikuhitaji jingine.

Hesabu yetu ni ya dukani. Twatumia sarafu za kweli: ya kumi ni ipi, ya ishirini ni ipi, mahamri mawili ni pesa ngapi, chenji iko wapi. Mtoto anayeweza kutumwa dukani na kurudi na chenji kamili amepata nafasi yake mtaani.

Kwa watoto wenye usonji twabandika ukutani picha za siku nzima kwa mpangilio: uji, hesabu, mchezo, chakula, nyumbani. Wengi wao hutulia wakijua kinachofuata. Kengele ikilia mtoto akaziba masikio na kupiga kelele, si utundu wala si kukosa adabu. Sauti ile yamuumiza. Tukimwonyesha picha ya kengele kabla haijalia, kelele hupungua.

Hapa ndipo niguse jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Mtoto akichelewa kusema, au akipiga kelele ovyo, huambiwa ana jini. Mzazi huzunguka kwa waganga mwaka baada ya mwaka, na pesa zaisha. Mimi ni Muislamu na sikatai kuwa majini wapo. Qur'ani ina sura yenye jina lao. Lakini kumsomea mtoto dua hakumzuii mtu kumpeleka akapimwe. Wala ulemavu si aibu ya ukoo. Surat Abasa yatajwa kuwa ilishuka kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum, mtu asiyeona. Sahaba huyo alikuwa muadhini wa Mtume (SAW), na aliachiwa usimamizi wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Twaisoma sura hiyo, kisha twamfungia chumbani mtoto wetu asiyeona wageni wanapokuja.

Kuchelewa kuna gharama yake. Anayekuja na miaka minne na anayekuja na kumi na tatu hawawi sawa. Nilimpokea msichana wa umri huo ambaye hakuwahi kukanyaga shule. Aliwajua jirani wote kwa sauti zao, lakini hakuweza kutaja jina lake kamili wala kusema anataka kwenda msalani. Nasi tulianza na hayo: jina, jina la babake, majina ya viungo vya mwili, na neno "sitaki". Wazazi wenzangu, mtoto asiyeweza kueleza aliyofanyiwa ndiye windo rahisi la wenye nia mbaya, na mara nyingi mtu huyo huwa anajulikana nyumbani. Kumficha si kumlinda.

Sisemi njia ni nyepesi. Nauli ya tuktuk kila siku ni mzigo, kwani si kila makanga ana subira na mtoto anayepanda matatu polepole. Vitengo vina upungufu wa walimu na wasaidizi. Kuna wazazi walionijia baada ya shule nyingine kuwaambia "mtoto huyu hatumuwezi". Kwa hao nawaambia haki yao ilivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54 chawapa watu wenye ulemavu haki ya kupata elimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza shule kumbagua mtoto kwa ulemavu wakati wa kumsajili. Sheria hiyo hiyo yamhesabu mzazi asiyempeleka mtoto shule bila sababu ya haki kuwa ametenda kosa, na faini yaweza kufika shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja.

Basi mwenye mtoto wa namna hii afanye nini? Aende ofisi ya elimu ya eneo lake aulize kituo cha tathmini kiko wapi. Achukue cheti cha kuzaliwa na karatasi zozote za hospitali. Aombe ripoti kwa maandishi, na aulize pia kuhusu kumsajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Na jirani anayejua kuna mtoto ndani ya nyumba fulani, aende akazungumze na mamake kwa upole, si kwa kumlaumu. Huenda huyo mama anangoja mtu mmoja tu wa kufuatana naye mpaka pale kituoni.