Kwa nini mitaa mipya ya Dar inajaa maji

Masika yakianza, makundi ya WhatsApp ya Watanzania walio ughaibuni hujaa video za sebule zilizoingia maji. Mwenye nyumba husema eneo lile halikuwa na mafuriko aliponunua. Mara nyingi anasema kweli.

Chukua paa la mita za mraba 200. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika si jambo la ajabu, inaliangushia lita 10,000 za maji. Nyumba 100 za namna hiyo zinatoa lita milioni moja, na hapo hatujahesabu nyua zilizotandazwa pevingi wala barabara iliyoshindiliwa. Eneo lilipokuwa shamba la mikorosho, sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na mchanga. Sasa yote yanatafuta pa kwenda ndani ya saa moja.

Baada ya mvua kubwa za Desemba 2011, zilizoua zaidi ya watu 40 jijini, familia nyingi za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Tangu hapo tumezoea kuyaona mafuriko kuwa shida ya watu wa mabondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, ila haikusaidii ukijenga juu ya mkondo mdogo usio na jina, unaopitisha maji wiki chache tu kwa mwaka. Dalali anayekuonyesha kiwanja mwezi Agosti hataugusia.

Upimaji peke yake hautoshi. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma, na ramani zake zilitenga barabara na maeneo ya wazi. Lakini ramani haichimbi mtaro. Watu walijenga kwanza, miundombinu ikafuata polepole. Na kule ambako mashamba yalikatwa vipande kwa hatua za miguu, hata nafasi ya mtaro haikuachwa.

Kisha kikaja kifusi. Hapa sisi wa nje tuna mchango wetu, tena mkubwa. Tunatuma pesa, fundi anainua kiwanja kwa malori ya kifusi, anazungusha ukuta wa tofali usio na tundu hata moja chini, ua unapigwa pevingi ukuta hadi ukuta. Maji yanahamia kwa jirani. Jirani naye akipata pesa anainua chake zaidi, na barabara inabaki kuwa ndiyo mto wa mtaa. Mashimo ya vyoo yanafurika humo humo, na ndiyo maana kipindupindu hakiko mbali na mafuriko. Sioni busara katika mashindano haya. Aliyejenga mapema ndiye anayezama.

Tangi la kukinga maji ya paa linapunguza mzigo, mradi liwe na nafasi mvua inapoanza. Shimo la kunyonya maji linafaa penye mchanga. Penye mfinyanzi, au pale maji ya ardhini yalipo karibu, linajaa na kubaki limejaa. Mtaro wa mtaa una maana tu ukiwa na mwisho, yaani mto, bahari au bwawa lililotengwa, na hilo linataka majirani wote na serikali ya mtaa, si michango ya nyumba tatu.

Kwa hiyo, ndugu unayejiandaa kununua, fungua kwanza picha za setilaiti za miaka ya nyuma kwenye Google Earth, utafute alama za mkondo. Mtume mtu akaongee na wakazi wa siku nyingi, si dalali. Hati itakuonyesha mmiliki na mipaka. Mpimaji aulizwe zaidi ya hapo, na ajibu kwa maandishi: maji ya kiwanja hiki yanaishia wapi?